Taja, Eleza, Linganisha

Leo ni mtihani. Mwalimu ameandika ubaoni: «Eleza kwa nini maji ya mto Kongo hayapungui sana.» Mtoto mmoja anaandika upesi: «Lualaba, Kasai, Ubangi.» Majina ni sawa, lakini hapati hata pointi moja. Kwa nini? Amejibu kama aliyeambiwa «Taja».

Taja hutaka majina tu. Eleza hutaka sababu: mto Kongo wavuka ikweta mara mbili, mvua zikikoma upande wa kusini, za kaskazini zanyesha, na maji yazidi kuja.

Linganisha ni neno gumu zaidi. Hutaka vitu viwili pamoja: Kasai hujaa kwa mvua za kusini, Ubangi kwa mvua za kaskazini, mito yote miwili huingia Kongo. Mtoto anayeandika habari za Kasai peke yake amefanya nusu ya kazi.