Mgeni njoo, mwenyeji apone: je, anapona kweli?

Kila mwaka shule na vyuo vya Ulaya na Marekani vinapofungwa, kati ya Juni na Agosti, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) hupokea makundi ya vijana waliovaa fulana za rangi moja. Baadhi wamekuja kupanda Kilimanjaro tu. Wengine wamekuja kujitolea kwa wiki mbili au tatu: kufundisha Kiingereza, kupaka rangi madarasa, kukaa na watoto wa vituo vya yatima vya Moshi na Arusha. Wamelipa nauli, wamelipa kampuni iliyowaandalia safari, na wengi wao wamechangiwa na ndugu, majirani na waumini wenzao. Nia yao ni njema, wala sina sababu ya kuitilia shaka. Ninachouliza ni kwamba wakishaondoka, kinabaki nini?

Mwaka 2014 mwandishi Mmarekani, Pippa Biddle, alisimulia kisa ambacho kila mkuu wa shule anayepokea wageni wa namna hii anafaa kukijua. Alipokuwa mwanafunzi alikuja Tanzania pamoja na wasichana wenzake kujenga maktaba katika kituo cha yatima. Safari iligharimu dola 3,000 kwa kila mmoja. Mchana wasichana walipanga tofali. Usiku, wao wakiwa wamelala, wanaume wa pale waliondoa tofali zilizowekwa vibaya na kuujenga ukuta upya, ili kukicha wageni wasijue kwamba kazi yao haikufaa.

Nawafikiria sana wanaume wale. Aliyewahi kusimamia ujenzi anajua adha ya kubomoa kozi ya tofali ambayo saruji yake imeanza kushika. Unagonga polepole tofali lisipasuke, unakwangua saruji ya jana, unavuta kamba tena, unashusha timazi, ndipo unaanza kujenga. Wao walifanya hayo gizani, baada ya kutwa nzima, ili wasichana wa watu wasivunjike moyo. Fedha iliyolipwa na msichana mmoja tu ingemlipa fundi na saidia fundi wake kwa muda mrefu, na ukuta ungesimama mara moja.

Darasani uchungu unazidi. Nchi hii ina maelfu ya vijana waliohitimu ualimu na hawajaajiriwa. Wengi wanafundisha kwa kujitolea katika shule za vijiji na mitaa, kwa posho ndogo inayotokana na michango ya wazazi, na mwezi mwingine posho yenyewe haiji. Halafu anafika kijana wa miaka 18 asiye na cheti chochote cha ualimu, anakabidhiwa kipindi cha Kiingereza. Anafundisha majina ya rangi na wanyama, anapigwa picha, anaondoka. Wiki ijayo anakuja mwingine, anaanza na rangi zilezile. Sioni kosa la kijana huyo kuwa kubwa kuliko letu sisi tuliomfungulia mlango wa darasa.

Hata hivyo ukuta hubomolewa ukajengwa tena, na somo hurudiwa. Mtoto si hivyo. Kule Cambodia, kati ya mwaka 2005 na 2010, vituo vya kulelea watoto viliongezeka kwa asilimia 75 huku watalii na watu wa kujitolea wakimiminika, na ilibainika kwamba karibu watoto watatu kati ya wanne waliokuwamo walikuwa na mzazi aliye hai. Mgeni anapokuwa tayari kulipa ili amwone yatima, wapo watakaomtafutia yatima. Wazazi maskini huambiwa mtoto atasomeshwa, wanamtoa kwa roho safi. Kenya ililiona tatizo hilo na mnamo Novemba 2017 ikasitisha usajili wa vituo vipya vya watoto.

Ukiingia katika kituo kama hicho utamwona mtoto wa miaka mitatu akikimbilia mapajani kwa mtu ambaye hajawahi kumwona, akimng'ang'ania shingoni. Mgeni huliona hilo kuwa upendo, na machozi humlengalenga. Wataalamu wa malezi wanaona dalili ya mtoto aliyekosa mlezi wa kudumu. Kisha mgeni anaaga, na mtoto anaachwa kwa mara nyingine.

Huko Jinja, Uganda, mambo yalifika pabaya zaidi. Mmarekani aliyekwenda kujitolea akiwa msichana mdogo, bila kusomea udaktari, alianzisha kituo kilichopokea watoto wenye utapiamlo mkali. Kati ya mwaka 2010 na 2015 watoto 105 walifia humo. Akina mama walifungua kesi mwaka 2019, na mwaka uliofuata ikamalizwa kwa makubaliano bila upande wowote kukiri kosa. Nani alaumiwe, mahakama haikutamka. Lakini najiuliza ni mji gani wa Marekani ungemwachia msichana wa Jinja, asiye na cheti, watoto mahututi.

Je, basi wageni wote wabaki kwao? Hapana. Tarehe 28 Agosti 1961, Rais Kennedy wa Marekani aliwaaga vijana wa kwanza wa Peace Corps, shirika la nchi yake la watu wa kujitolea, waliokuwa wakielekea Ghana na Tanganyika. Waliokuja kwetu, hata kabla ya Uhuru, walikuwa wapimaji, wahandisi na wajiolojia, kwa sababu nchi ilihitaji barabara na ikawaomba watu wa kazi hiyo. Utaratibu wa shirika hilo ulikuwa kukaa miaka miwili na kujifunza lugha kwanza. Mtu aliyefundisha hisabati sekondari kwa miaka miwili, akakaa foleni ya maji na kuzika na wanakijiji, hawezi kuwekwa kapu moja na mgeni wa siku kumi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Haydom, kule Mbulu mkoani Manyara, kwenye hospitali iliyoanzishwa na wamisionari wa Norway mwaka 1955. Mwaka 2006 alifika hapo Dilan Ellegala, daktari wa upasuaji wa ubongo kutoka Marekani. Wakati huo madaktari wa fani hiyo nchini kote walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Chombo cha kufungulia fuvu hakikuwapo. Alimwona mtu akikata mti kwa msumeno wa waya, akaununua, ukasafishwa na kuingizwa chumba cha upasuaji.

Angeweza kuishia hapo: apasue wagonjwa kadhaa, arudi kwao akiwa shujaa. Badala yake alimchukua daktari msaidizi wa hospitali hiyo, Emmanuel Mayegga, ambaye hakuwa na shahada ya udaktari, akamfundisha kufungua fuvu na kuweka mrija wa kutoa maji kichwani. Mayegga naye akamfundisha mwingine. Mwandishi Tony Bartelme amekiandikia kisa hicho kitabu kilichotoka mwaka 2017.

Wapo watakaouliza tofauti ya Haydom na Jinja iko wapi, ikiwa kote alishika kazi mtu asiye na shahada inayostahili. Mimi naiona waziwazi. Mayegga alikuwa mtumishi wa afya aliyesomea kazi yake, alifundishwa na bingwa aliyesimama kando yake, ndani ya hospitali, akizungumza lugha ya wagonjwa wake. Na Ellegala alipopanda ndege kurudi kwao, ujuzi ulibaki Mbulu.

Kwamba safari hizi huwabadilisha wanaokuja, sibishi. Reed Hastings, mmoja wa waanzilishi wa Netflix, alifundisha hisabati Swaziland miaka ya 1980 akiwa na Peace Corps. Biddle mwenyewe amekuwa mkosoaji mkubwa wa safari za aina aliyoifanya. Vijana wakirudi kwao na macho mapya ni faida. Ila faida hiyo ni yao, na isilipiwe na watoto wetu.

Wakuu wa shule na viongozi wa vijiji, kabla hamjasaini barua ya kumpokea mtu wa kujitolea, daini vyeti na kibali chake, muulizeni atakaa muda gani na ni mwenyeji yupi atabaki na ujuzi wake. Asipokuwa na majibu, mpokeeni kama mtalii, mkaribisheni chai, lakini msimpe darasa wala mtoto. Nanyi ndugu zetu mlioko Ulaya na Marekani, mtoto wenu akirudi kutoka shule na tangazo la kwenda kukumbatia yatima Arusha, mwambieni fedha hiyo aitume kwa shule yenye mwalimu wa kujitolea asiyelipwa, na yeye aje kutembea.