Darasa la Awali na Matokeo ya Shule: Tulinganishe Nini na Nini?

Kwa miaka mingi, kila mara matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi yalipotangazwa, shule za wilaya zilipangwa kwa safu, ya kwanza hadi ya mwisho, na papo hapo watu walianza kutafuta sababu. Sababu mojawapo inayotajwa sana ni darasa la awali, ambalo wazee waliliita shule ya vidudu. Husemwa kwamba shule fulani imefaulu kwa kuwa watoto wake walianza kujifunza mapema. Huenda ni kweli. Lakini je, safu ile peke yake yaweza kulithibitisha jambo hilo?

Swali hili si la maneno matupu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliiingiza elimu ya awali katika mfumo rasmi; sera ya mwaka 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima; na kuanzia Januari 2016 elimu ya umma ikatolewa bila malipo tangu darasa la awali hadi kidato cha nne. Watoto wakamiminika. Kiwango kinachotakiwa ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini katika miaka iliyofuata wastani wa nchi kwa shule za serikali ulizidi watoto 100 kwa mwalimu. Kamati ya shule yenye fedha za kutimiza jambo moja tu, ama chumba cha watoto wadogo ama madawati ya wakubwa, inahitaji jibu la kuaminika.

Tuitazame Momela. Upande wa kusini wa Mlima Meru, penye Tengeru na Usa River, mvua ni nyingi, migomba na kahawa hustawi, na barabara kuu ya Arusha na Moshi hupita hapo. Ukizunguka kwenda Momela na Ngarenanyuki, mlima huizuia mvua. Nchi ni kavu, na nyanya na vitunguu hulimwa kwa maji ya mifereji. Kati ya pande hizo mbili imo hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1960, yenye nyati na tembo. Kijana wa miaka 13 aweza kutembea njia ndefu kwenda shule. Mtoto wa miaka mitano hawezi kuachwa atembee peke yake. Basi wanaohudhuria darasa la awali mara nyingi ni wale wakaao karibu na shule, au wenye mtu mzima wa kuwasindikiza. Hao tayari wamekwisha kuwa tofauti na wenzao hata kabla ya kufundishwa herufi moja.

Tuchukue mfano wa kubuni, ili hesabu ionekane. Watoto 100 walipitia darasa la awali: 80 wanakaa karibu na shule, 20 mbali. Katika wale 80 wamefaulu 60. Katika wale 20 wamefaulu 10. Jumla 70. Watoto wengine 100 hawakupitia: 20 wanakaa karibu, wakafaulu 14, 80 wanakaa mbali, wakafaulu 36. Jumla 50. Mwenye haraka atatangaza kwamba darasa la awali limeleta tofauti ya watoto 20 kwa kila 100. Lakini ukiwalinganisha wa karibu kwa wa karibu, ni asilimia 75 dhidi ya 70; wa mbali kwa wa mbali, ni 50 dhidi ya 45. Tofauti ni 5 tu. Nyingine 15 imeletwa na umbali, ikavaa joho la darasa la awali.

Umbali ni jambo moja tu. Lugha ni jingine: mtoto aliyezoea Kimeru au Kimaasai nyumbani hukutana na Kiswahili darasani. Hata maji yamo. Maji ya Ngarenanyuki yana floridi nyingi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na meno ya wenyeji wengi yanashuhudia. Mwaka 2024 taasisi ya serikali ya Marekani inayochunguza sumu ilihitimisha, kwa uhakika wa kadiri, kwamba floridi inayozidi kiwango hicho inaambatana na akili pungufu kwa watoto katika vipimo. Hilo halithibitishi lolote kuhusu shule za Momela. Linaonyesha tu kwamba vijiji viwili vya wilaya moja vyaweza kutofautiana kwa kitu kisichoandikwa katika daftari lolote la shule.

Wataalamu hufanyaje, basi? Njia iliyo bora ni kura. Huko Ypsilanti, katika jimbo la Michigan, kuanzia mwaka 1962 watoto 123 wa familia maskini waligawanywa kwa bahati nasibu, wengine wakapata shule ya awali na wengine wasipate, nao wakafuatiliwa hadi utu uzima. Waliosoma awali walimaliza sekondari kwa wingi zaidi na kupata kipato kikubwa zaidi. Wengi huishia hapo, nami naona si haki. Katika jimbo la Tennessee kura kama hiyo ilipigwa kwa madarasa ya umma, na taarifa ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba kufikia darasa la sita waliosoma awali walikuwa nyuma ya wenzao. Jina la darasa halifundishi. Linalofundisha ni linalotendeka ndani yake.

Pasipo kura, ndugu hulinganishwa na ndugu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulitumia takwimu za Uwezo za Kenya na Tanzania, ukawalinganisha watoto wa nyumba moja, mmoja aliyepitia awali na mwingine asiyepitia. Nyumba ni ile ile, njia ni ile ile, maji ni yale yale. Waliopitia awali walichelewa kidogo kuanza darasa la kwanza, kisha wakapanda madarasa upesi zaidi. Wakiwa na miaka 13 hadi 16 walikuwa mbele katika vipimo vya kusoma na kuhesabu kwa sehemu ya kumi ya mkengeuko sanifu. Ni faida ndogo, lakini ipo.

Njia hiyo nayo ina tundu. Mzazi aweza kumpeleka awali yule aliyemwona mchangamfu na kumbakiza nyumbani mwenye afya dhaifu. Hata hivyo wanafunzi wa sekondari waweza kuijaribu: kwa idhini ya mwalimu mkuu, na bila kuandika majina, wahesabu katika madaftari ya shule ya msingi ndugu waliopitia awali na wasiopitia, waandike umbali wa kila nyumba, kisha wajaze jedwali lenye vyumba vinne kama la mfano wetu. Chumba chenye watoto chini ya kumi kisitolewe asilimia, kwani mtoto mmoja akiugua siku ya mtihani hesabu yote huyumba.