Urekebishaji wa Mfumo wa Hewa ya Ziada katika Injini ya Petroli kwa Lengo la Kuzuia Mgando wa Kaboni

Makala hii inajadili badiliko dogo linaloweza kufanywa katika mfumo wa hewa ya ziada wa injini ya petroli ili vijia vyake visizibwe na kaboni. Mfano unaotumika ni injini ya S62 ya BMW, yenye silinda nane na ujazo wa lita 4.9, iliyofungwa katika magari ya M5 kati ya mwaka 1998 na 2003. Injini hii imeteuliwa kwa sababu tatizo hilo linafahamika sana miongoni mwa mafundi wake, na kwa sababu tiba ya mwisho, yaani kufungua hedi zote mbili, ni kazi ya gharama kubwa kwa gari ambalo vinginevyo ni zima.

Injini inapowashwa ikiwa baridi hupewa petroli nyingi kuliko kiasi kinachoweza kuungua chote. Mabaki yake, hasa monoksidi ya kaboni na hidrokaboni, hutoka kupitia ekzosi wakati ambapo kichujio cha moshi bado ni baridi na hakiwezi kuyashughulikia. Kwa hiyo pampu ya umeme hupuliza hewa safi nyuma ya vali za kutolea moshi kwa muda wa dakika moja hivi. Oksijeni iliyomo huunguza mabaki hayo ndani ya ekzosi, na joto linalopatikana huharakisha kazi ya kichujio. Baada ya hapo pampu huzimwa, na vali ya kuzuia moshi kurudi nyuma hufungwa.

Chanzo cha tatizo kimo katika saa zote zinazofuata. Vijia vilivyotobolewa ndani ya hedi hubaki wazi upande wa ekzosi na kufungwa upande wa pampu. Kila mpigo wa moshi husukuma gesi kidogo ndani ya kijia kisicho na pa kutokea. Gesi hiyo hupoa, na masizi pamoja na mvuke wa oili hunata ukutani. Mtu aliyewahi kuona dari ya jiko la kuni anaifahamu hali hiyo. Joto la hedi kisha huuoka utando huo hadi ukawa mgumu. Oili inayopita kwenye ringi za pistoni zilizochakaa na kwenye miongozo ya vali huongeza kasi ya kuziba, na safari fupi za mara kwa mara huongeza unyevu.

Dereva hujua pale tu taa ya injini inapowaka. Pampu inapofanya kazi, sensa za oksijeni zinapaswa kuonyesha kwamba moshi una oksijeni nyingi. Zisipoonyesha hivyo, kompyuta huandika kosa P0491 kwa upande mmoja wa injini au P0492 kwa upande wa pili. Pampu yaweza kuwa nzima kabisa. Hewa yake haina njia.

Wapo wanaoamua kuziba mfumo kwa bamba na kuifuta programu yake katika kompyuta. Nchini Marekani Sheria ya Hewa Safi inakataza kuondoa au kulemaza kifaa cha kudhibiti moshi, na katika jimbo la California hata kifaa cha kuongeza huhitaji idhini ya mamlaka ya hewa. Mwandishi haoni kwamba kuziba ni urekebishaji. Ni kuacha moshi wa asubuhi utoke kama ulivyo.

Badiliko linalopendekezwa hapa ni kuipa pampu kazi ya pili: kupuliza vijia mara kwa mara hata injini ikiwa na joto. Kwa upande wa umeme, kazi si ngumu. Rilei ya pampu huongezewa waya wa pili wa amri, nao huwekewa daiodi ili umeme usirudi katika kompyuta. Vali nayo lazima iamriwe kufunguka, kwani pampu ikizunguka peke yake hewa itagota mlangoni.

Ugumu uko katika kuchagua wakati. Hewa ikipulizwa gari likiwa katika mwendo wa kawaida, sensa za oksijeni zitadanganyika kwamba petroli ni chache, kompyuta itaongeza petroli, na kichujio kitapata joto la kupita kiasi. Kupuliza injini ikiwa imezimwa hakufai pale ambapo vali hufunguliwa kwa nguvu ya utupu, maana utupu huo hutengenezwa na injini yenyewe. Wakati ufaao ni gari linaposhuka mteremko au kupunguza mwendo dereva akiwa ameachia mafuta. Hapo petroli hukatwa, kompyuta hairekebishi mchanganyiko kwa kufuata sensa, na utupu huwa wa juu kabisa. Tena ndipo utupu huo unapovuta oili kupita kwenye ringi na miongozo ya vali. Inafaa kukumbuka kwamba pampu za hewa za enzi ya kabureta zilifanya kinyume: zilielekeza hewa kando wakati huo huo, kwa kuwa kabureta iliendelea kutoa petroli na ekzosi ingelipuka. Sababu hiyo haipo katika injini inayokata petroli.

Dereva anapokanyaga mafuta tena, vali ifungwe kwanza, kwa sababu pampu huendelea kuzunguka kidogo baada ya kukatiwa umeme. Kila mpulizo uwe wa sekunde chache, kisha pampu ipumzishwe kwa dakika kadhaa, kwani haikuundwa kufanya kazi mfululizo.

Hewa hii huondoa masizi mabichi tu. Mgando uliokwisha kuokwa hautatoka kwa kupulizwa. Lazima vali ifunguliwe na kijia kikwanguliwe kwa waya unaopindika, huku vali ya ekzosi ya silinda husika ikiwa imefungwa ili vipande visidondokee ndani ya silinda. Vilevile, vali inayorudisha moshi ibadilishwe kabla ya kufunga waya wowote, la sivyo moshi wenye unyevu utaifikia pampu na kuitia kutu.