Kupima Sukari ya Damu kwa Mwanga: Kweli au Uongo?

Anayeishi na kisukari anaijua adha ya kutoboa kidole kila siku. Ndiyo maana matangazo ya saa na pete zinazodai kupima sukari kwa mwanga, bila tone la damu, humvutia upesi. Tuyachambue madai hayo moja baada ya jingine.

Saa zinazopima sukari zimeshaidhinishwa.
UONGO. Februari 2024, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitoa onyo: haikuwa imeidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kupenya ngozi. Hatari iko wazi. Mgonjwa akiamini namba isiyo sahihi, anaweza kujidunga insulini kupita kiasi, sukari ikaporomoka, akapoteza fahamu na hata kufa ndani ya saa chache.

Kinachopima oksijeni kwa mwanga kinaweza kupima sukari vilevile.
UONGO. Himoglobini hubadilika rangi inapobeba oksijeni, na tofauti hiyo ndiyo aliyoitumia Takuo Aoyagi wa Japani miaka ya 1970 kubuni kanuni ya kipimo cha oksijeni kinachovaliwa kidoleni. Glukosi haina rangi. Tena ni kidogo mno: damu yote ya mtu mzima asiye na kisukari ina takriban gramu 4 tu, yaani kijiko kimoja cha chai. Miale ya infraredi hufyonzwa na glukosi, lakini maji, mafuta na protini huifyonza pia. Jasho, joto na unene wa ngozi huzidi kuvuruga majibu.

Mwanga unaweza kuitambua glukosi mwilini.
KWELI. Mwaka 1928 mwanafizikia C. V. Raman wa India aligundua kwamba mwanga ukigonga molekuli, sehemu ndogo yake hutawanyika ikiwa na rangi tofauti, na kila aina ya molekuli ina alama yake. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Mwaka 2020 watafiti wa chuo cha MIT na kampuni ya Samsung walichapisha utafiti ulioonyesha alama ya glukosi ikisomwa kwa leza kupitia ngozi ya nguruwe hai. Sayansi ipo, kazi ngumu ni kupata majibu sahihi kwa watu wote, kila siku, kwa kifaa kidogo.

Kitambuzi kinachobandikwa mkononi hakitoboi ngozi.
UONGO. Vifaa kama FreeStyle Libre vina kiuzi chembamba kinachokaa chini ya ngozi. Hutumia kimeng'enya, wala si mwanga, na hupima sukari katika majimaji yaliyo baina ya seli. Kwa hiyo namba yake inaweza kuchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu.

Kutoboa kidole bado kuna maana.
KWELI. Ukitetemeka, ukitokwa jasho jembamba au ukichanganyikiwa, pima kidole hata kama kifaa kingine kinasema u salama. Chini ya 3.9 mmol/L, sukari imeshuka. Nawa mikono na uikaushe kwanza, kwani mabaki ya tunda kidoleni hupandisha namba. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, ambako maumivu ni machache.

Usinunue saa kwa ajili ya kupima sukari, na kamwe usipange dozi ya insulini kwa namba zake. Kabla ya kubadili kipimo, zungumza na daktari wako.