Makohozi yanayopimwa kwa gazeti

Machi 1869 David Livingstone alifika Ujiji akiwa hoi. Nimonia ilikuwa imemkamata njiani tangu Januari, akabebwa kwa machela na kuvushwa ziwa kwa mtumbwi. Katika shajara yake alieleza makohozi ya rangi ya kutu, yenye damu. Wakati ule hapakuwa na tabibu, si Ujiji si London, ambaye angeyapaka makohozi hayo kwenye kioo na kuonyesha kilichomfanya mzee yule augue. Robert Koch alitangaza kimelea cha kifua kikuu mjini Berlin Machi 24, 1882. Miaka miwili baadaye, katika mji huohuo, Hans Christian Gram kutoka Denmark alitia rangi mapafu ya watu waliokufa kwa nimonia, na njia yake inatumika maabara hadi leo.

Kwa mgonjwa wa Ujiji wa leo, mtihani mkubwa hauko kwenye hadubini. Uko kwenye kazi ya mkono inayotangulia.

Tuchukue kipimo cha kifua kikuu (TB). Slaidi, yaani kile kipande cha kioo, huandikwa namba kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hufutwa na spiriti, na majibu ya Hamisi yakaenda kwa Juma. Mtaalamu hachoti popote kikoponi. Anatafuta sehemu nzito, ya njano au yenye damu, kwa kijiti cha mbao kilichovunjwa ncha, maana ncha iliyochanika hushika kohozi vizuri. Anapaka kwa miduara midogo, sentimita 2 kwa 3.

Unene ndio wenye fitina. Tabaka nene hubanduka likimwagiwa maji, na lisipobanduka huficha vimelea. Jembamba kupita kiasi halina cha kuonyesha. Kipimo chake hakiuzwi dukani: slaidi iliyokauka inainuliwa sentimita chache juu ya gazeti. Maandishi yasiposomeka, umepaka nene. Hata ukurasa huu unafaa.

Kisha kukausha. Anayeanika dagaa ufukweni Kibirizi, Kigoma, huwatandaza wembamba, kisha husubiri. Slaidi nayo haitaki haraka. Msimu wa mvua, hewa ya ziwa ikiwa nzito kwa unyevu, kusubiri kunarefuka na foleni nje inanung'unika. Hapo ndipo mtu hushawishika kuipeleka motoni ikiwa mbichi. Kohozi bichi hutokota, hurusha matone hewani na kuharibu umbo la vimelea. Ikishakauka yenyewe, hupitishwa juu ya moto mara tatu hadi tano, upande uliopakwa ukiwa juu, sekunde 2 au 3 kila mara. Joto hugandisha protini, kohozi likang'ang'ania kioo. Lakini moto huo si hakikisho kwamba kila kimelea kimekufa, kwa hiyo glavu hazivuliwi.

Rangi nyekundu ya fuksini humwagwa na kupashwa moto hadi itoe mvuke, bila kuchemka. Inasimuliwa kwamba mwanasayansi Mjerumani Paul Ehrlich aliligundua hilo kwa bahati: aliacha slaidi zake juu ya jiko lililopoa, mtu akaliwasha, na vimelea vikaonekana vizuri kuliko awali. Asidi huosha wekundu kila mahali isipokuwa kwenye kimelea cha TB, ambacho ukuta wake umejaa nta. Mwisho huja rangi ya bluu, na vijiti vyekundu hujitokeza juu yake.

Wapo wanaosema mashine ya GeneXpert imeshaizika slaidi. Siafiki. Ni kweli mashine hugundua zaidi: slaidi huhitaji vimelea kati ya 5,000 na 10,000 hivi katika mililita moja, kwa hiyo slaidi safi haimaanishi mapafu safi. Lakini mashine husoma vinasaba, hata vya vimelea vilivyokufa. Kujua kama dawa za miezi sita zinafanya kazi, mwezi wa pili, wa tano na wa mwisho, bado tunaitegemea slaidi.

Nawe ukikohoa wiki mbili, nenda kituoni. Kipimo na dawa za TB ni bure. Ukipewa kikopo, sukutua kwa maji, simama nje penye hewa, vuta pumzi ndefu na ukohoe kutoka kifuani. Mate hayatamsaidia mtu wa maabara, hata awe hodari namna gani.