Dakika Moja Uwanjani Inakugharimu Kiasi Gani?

Klabu za soka za watoto nchini Marekani huuza vitu viwili, mazoezi na mechi, kwa risiti moja. Mzazi hulipa ada ya mwaka akiamini amenunua vyote. Ikifika Oktoba anagundua kwamba mazoezi mwanawe anayapata kamili, ila mechini wote wawili ni watazamaji, mmoja pembeni ya uwanja na mwingine benchi. Akiuliza, anaonyeshwa kifungu cha mkataba aliotia saini miezi kadhaa nyuma: muda wa kucheza hupatikana kwa juhudi, hautokani na ada. Kifungu cha namna hiyo kimo katika mikataba mingi, kwa hiyo hakuna aliyedanganywa kisheria.

Kwa familia zetu zilizofikia Kentucky, Texas, Ohio au Arizona, nyingi zikitokea kambi za wakimbizi za Nyarugusu, Kakuma na Nakivale, jambo hili linauma kwa namna yake. Mtoto amekulia kwenye chandimu, ambako asiyejua mpira huwekwa golini. Ni dharau kidogo, lakini anacheza. Huku anaambiwa baba atoe dola elfu mbili na zaidi ili yeye asugue benchi. Basi tuhesabu fedha hiyo inakwenda wapi.

Chukua mtoto wa miaka 13. Katika umri huo mechi ni dakika 70, yaani 35 kila kipindi. Tuseme klabu inatoza ada ya dola 2,400 kwa mwaka, jezi na begi dola 300, kisha safari za mashindano, hoteli na mafuta zikafika dola 900. Jumla ni dola 3,600, kiasi ambacho hakitamshangaza mzazi yeyote aliyewahi kusajili mtoto katika klabu za ushindani, zile zinazosafiri mji hadi mji. Tuseme pia kuna mechi 30. Mtoto anayecheza dakika 60 kila mechi atafikisha dakika 1,800, kwa hiyo kila dakika imegharimu dola 2. Mwenzake anayeingizwa dakika 15 za mwisho atafikisha 450, na kila dakika yake imegharimu dola 8. Jezi ni ileile, kocha ni yuleyule, lakini familia ya pili imelipia mchezo mara nne ya ya kwanza.

Sasa weka kando yake ligi ya burudani ya mtaani. Ada yake kwa kawaida ni kati ya dola 100 na 300 kwa msimu, mara nyingi jezi ikiwa ndani yake. Ukilipa dola 180, ukapata mechi 10 za dakika 70, na mtoto akacheza nusu tu ya kila mechi, atakuwa na dakika 350. Dakika moja inakuja takriban senti 50.

Klabu itasema hesabu hii inaionea, na kwa sehemu ina haki. Mazoezi mara tatu kwa wiki, saa moja na nusu kila mara, kwa wiki 40, ni saa 180 chini ya kocha mwenye leseni. Gawa dola 3,600 kwa saa hizo upate dola 20 kwa saa. Kocha binafsi hutoza zaidi ya hapo. Kwenye ligi ya burudani mazoezi huwa mara moja au mbili kwa wiki chini ya mzazi aliyejitolea, ambaye huenda jana usiku ndipo alipojifunza maana ya kuotea. Kwa hiyo aliyeko benchi hajaibiwa kila kitu. Lakini kuna mambo ambayo mazoezi hayamfundishi mtoto: kupoteza mpira mbele ya goli lake kisha akaendelea kuuomba, au kumkaba winga aliyemzidi mbio kipindi kizima. Hayo hujifunzwa mechini, na huyo wa dakika 15 hayapati.

Mashirika yanayosimamia soka la watoto yana misimamo tofauti kuhusu dakika za kucheza, na hapo ndipo mnunuzi anapotakiwa kusoma kwa makini. AYSO, iliyoanzishwa Torrance, California, mwaka 1964, ina kanuni kwamba kila mtoto acheze angalau nusu ya kila mechi. Maeneo yake mengi yamekwenda mbele zaidi: mechi hugawanywa robo nne, na hakuna mtoto anayeruhusiwa kucheza robo zote kabla kila mwenzake hajacheza tatu. Tena timu hupangwa ziwe na uwiano, wachezaji hodari wakisambazwa badala ya kurundikwa upande mmoja. Ligi za burudani chini ya US Youth Soccer nazo zina sharti la nusu ya mechi. Ukipanda ngazi ya ushindani, ahadi inalegea. Klabu nyingi huahidi usawa hadi miaka 10, kitu kinachokaribia nusu hadi miaka 12, na kuanzia 13 kocha anabaki na uamuzi wake. Hata hivyo ligi ya juu si lazima ikose kanuni. Development Academy, ligi ya vijana iliyoendeshwa na shirikisho la soka la Marekani kuanzia 2007 hadi ilipofungwa Aprili 2020, iliwataka makocha wamwanzishe kila mchezaji angalau katika robo ya mechi za msimu. Kwa hiyo klabu ikikuambia kwamba ushindani na kanuni ya dakika haviwezi kukaa pamoja, jua kwamba vimewahi kukaa pamoja kwenye ngazi ya juu kuliko hiyo.

Bei nayo inapanda. Taasisi ya Aspen, kupitia mradi wake wa Project Play, ilikuta kwamba mwaka 2024 familia zenye watoto wanamichezo zilitumia wastani wa dola 1,016 kwa mchezo mkuu wa mtoto mmoja, ongezeko la asilimia 46 tangu 2019. Wastani huo unachanganya anayelipa mia mbili na anayelipa elfu tano, lakini unaonyesha bei inaelekea wapi. Sababu mojawapo ni ya kimuundo. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji anapouzwa nje ya nchi kabla ya mkataba wake kuisha, asilimia 5 ya fedha za uhamisho hugawiwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kwingineko klabu ndogo huweza kumlea mtoto wa maskini kwa matumaini ya mgao huo. Marekani kwa miaka mingi mfumo huo haukutekelezwa, na ligi kuu ya MLS ilitangaza mwaka 2019 tu kwamba itaanza kudai fedha hizo. Klabu ya mtaani imezoea kumtegemea mzazi.

Kabla ya dakika kuna upangaji, na upangaji ndio unaoamua dakika. Majaribio hufanyika mwishoni mwa masika, jioni mbili au tatu, watoto mamia wakiwa na namba mgongoni. Klabu kubwa ina timu tatu, nne au zaidi za umri mmoja. Kwa kweli nafasi nyingi za timu ya kwanza zimeshajulikana kabla ya jioni ya kwanza, kwani makocha wanawafahamu watoto wa mwaka jana. Mgeni anagombea nafasi mbili tatu. Katika jioni mbili jicho huvutwa na aliyerefuka mapema na mwenye mbio. Mtoto mfupi anayejua kusoma mchezo anahitaji kutazamwa wiki kadhaa, na wiki hizo hazipo.

Hapo tarehe ya kuzaliwa inaingia. Tangu 2017 watoto walipangwa kwa mwaka wa kalenda, Januari hadi Desemba, na kuanzia msimu wa 2026/27 mashirika makubwa, US Youth Soccer, US Club Soccer na AYSO, yanahamia mwaka unaoanza Agosti 1 na kuisha Julai 31. Watoto wetu wengi wana Januari mosi kwenye karatasi za ukimbizi, tarehe waliyopewa pale ambapo ya kweli haikuandikwa popote. Fikiria mtoto aliyezaliwa hasa Novemba 2013 lakini karatasi zinasema Januari 1, 2013. Chini ya kalenda ya zamani mkubwa kabisa aliyekutana naye alimzidi miezi kama kumi. Chini ya kalenda mpya anaingia kundi la Agosti 2012 hadi Julai 2013, na mkubwa wa kundi anaweza kumzidi miezi 15. Kwa umri wa miaka 12, miezi 15 inaweza kuleta tofauti kubwa ya urefu. Kucheza rika la chini kwa kawaida hakuruhusiwi, na karatasi hazibadilishwi kirahisi. Mtoto wa namna hii akikosa timu ya kwanza, usikimbilie kuamini kwamba hajui mpira. Ndiye anayefaidika kuliko wote na ligi ya burudani yenye timu zenye uwiano, angalau mpaka mwili wake uwafikie wenzake.

Swali ninaloulizwa zaidi ni hili: benchi la timu ya kwanza, au kikosi cha kwanza cha timu ya pili? Jibu langu halijabadilika: timu ya pili, mradi kocha wake awe anajua kazi. Uliza nani anaifundisha kabla hujauliza inacheza ligi gani. Katika klabu nyingi ada ya timu ya tatu inakaribia kabisa ile ya timu ya kwanza, ilhali kocha ni mwanafunzi wa chuo, uwanja ni ule usio na taa, na mazoezi ni mara mbili badala ya tatu. Huo ndio ununuzi mbaya kuliko wote kwenye soko hili. Ukiona hivyo, rudi ligi ya burudani na ubaki na dola zako elfu mbili.

Akademi za klabu za MLS zenyewe kwa kawaida hazitozi ada. Ni chache mno, na kwa wengi wetu ziko mbali, kwa hiyo sitazikalia. Jihadhari tu na klabu za kawaida zinazocheza ligi moja na akademi hizo na kutumia nembo ya ligi kupandisha bei. Uliza pia kama ligi hiyo inamruhusu mtoto kuchezea shule yake, maana baadhi ya ligi za juu zimekuwa zikikataza, na kwa familia ya kipato cha chini katazo hilo ni gharama kubwa kuliko ada.

Timu ya sekondari haikuahidi dakika hata moja, lakini basi ni la shule, uwanja ni wa shule, na ada, pale inapokuwepo, ni sehemu ndogo ya ada ya klabu. Chukua mfano wa mchezaji Bernard Kamungo. Alizaliwa Kasulu, kwenye kambi ya Nyarugusu, kwa wazazi waliokimbia Kongo. Familia ilihamia Abilene, Texas, mwaka 2016, akachezea timu ya sekondari. Mwaka 2021 kaka yake alimwandikisha kwenye majaribio ya wazi ya North Texas SC, timu ya pili ya FC Dallas, wakampa mkataba. Agosti 2023 aliifunga Inter Miami ya Messi, na Januari 2024 akachezea timu ya taifa ya Marekani dhidi ya Slovenia. Sisemi kila mwenye mbio atapita njia hiyo. Majaribio ya wazi hujaza uwanja na kurudisha nyumbani karibu wote. Nasema tu kwamba kukosa dola 3,600 akiwa na miaka 13 hakukumfungia mlango.

Zipo pia timu zisizo na ada kabisa. Huko Clarkston, Georgia, Luma Mufleh alianzisha mwaka 2004 timu za watoto wakimbizi zilizokuja kuitwa Fugees, baadaye zikazaa shule. Miji mingi iliyopokea wakimbizi ina kitu cha aina hiyo, kidogo zaidi, chini ya kanisa, msikiti au ofisi inayowapokea wageni. Ukikosa, baba aliyewahi kufundisha timu ya ndondo aombe kuwa kocha wa ligi ya burudani. Watachunguza rekodi yake, watampa kozi fupi, na wanahitaji makocha kila mwaka.

Ukiamua klabu, omba msaada wa ada mapema, kabla ya majaribio. Watataka nakala ya ripoti ya kodi au barua ya chakula cha bure shuleni. Msaada mara nyingi unahusu ada pekee, si jezi wala hoteli, kwa hiyo uliza jumla yote iandikwe. Uliza pia kanuni ya dakika kwa umri wa mwanao, na kama ukiondoka Desemba utaendelea kudaiwa. Majibu yaje kwa baruapepe. Kwetu mzazi akishamkabidhi mtoto kwa mwalimu, kumhoji ni utovu wa adabu, na wengi tumelinyamazia benchi kwa heshima hiyo. Huku ukimya huhesabiwa kuwa umeridhika. Klabu nyingi zina sharti la kusubiri saa 24 baada ya mechi kabla ya kuongea na kocha. Lifuate, kisha ongea. Acha mtoto aanze mwenyewe: “Kocha, nirekebishe nini ili nicheze zaidi?” Kocha asiyekuwa na jibu la kueleweka kwa swali hilo hatakuwa nalo msimu ujao pia.

Ofa ya nafasi huja usiku baada ya majaribio, na sharti la kulipa amana ndani ya siku moja au mbili, isiyorudishwa. Muda huo mfupi umewekwa makusudi ili usipate nafasi ya kulinganisha. Omba siku tatu. Wakikuambia kesho asubuhi nafasi itachukuliwa na mwingine, waache waichukue. Agosti klabu hizohizo hutangaza majaribio ya nyongeza, zikitafuta watoto wa kujaza timu ya pili.