Kigoma hadi Mtwara kwa Ndege: Umbali ni Mmoja, Muda ni Mwingi

Watu wengi hudhani kwamba aujuaye umbali wa safari amekwisha kuujua muda wake. Kwa safari za angani dhana hiyo ni pungufu, na upungufu wake waweza kugharimu maisha. Hebu tuchukue viwanja viwili vilivyo katika pembe za Tanzania: Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, na Mtwara, karibu na mdomo wa Mto Ruvuma.

Kwanza tutafute umbali. Mtwara iko kusini ya Kigoma kwa nyuzi 5.45, na mashariki yake kwa nyuzi 10.5. Uzi mmoja wa kaskazini-kusini ni kilomita 111. Ule wa mashariki-magharibi, katika eneo hili, ni kama kilomita 110. Hivyo tunapata pande mbili za pembetatu: kilomita 605 na kilomita 1,155. Kwa kanuni ya Pythagoras, upande wa tatu, ambao ndio njia ya ndege, ni takriban kilomita 1,300.

Sasa tuchukue ndege ya rafadha yenye kasi ya kilomita 500 kwa saa. Hewa ikitulia, itafika baada ya saa 2 na dakika 36. Lakini hewa haitulii. Kusi ikivuma kutoka kusini-mashariki kwa kilomita 50 kwa saa, ndege iendayo Mtwara huikabili, na kasi yake juu ya ardhi hushuka hadi 450. Itatumia saa 2 na dakika 53. Ikirudi itasukumwa, nayo itatumia saa 2 na dakika 22.

Msomaji atadhani kwamba hasara na faida zimefutana. La! Jumla ni saa 5 na dakika 15, ambapo hewa tulivu ingetaka saa 5 na dakika 12. Sababu ni kwamba ndege hukaa muda mrefu zaidi ndani ya upepo unaoipinga. Kwa hiyo rubani hapimi mafuta kwa kilomita peke yake. Huhesabu upepo, kisha huongeza mafuta ya kufikia uwanja wa badala, na akiba juu yake.

Je, abiria akipitia Dar es Salaam? Kilomita 1,080 na 400 ni 1,480; ziada ni 180, yaani kama dakika 22 tu angani. Kinachorefusha safari ni kuingojea ndege ya pili. Barafu iliyo katika sanduku la chanjo huyeyuka kwa saa, wala si kwa kilomita. Mgonjwa naye hudhoofika vivyo hivyo. Basi mwenye kupanga safari ya namna hiyo hana budi kuuliza kwanza saa za kungoja, ndipo atazame ramani.